Kubadilishiwa dawa ya kolestro sio kudeka

Mtu anarudi kliniki anasema hii statini, dawa ya kushusha kolestro, inanikaza mapaja hata ngazi sipandi vizuri, anajibiwa fasta tu, hiyo ni hofu yako, utafiti umeshaonyesha. Utafiti wenyewe ni SAMSON wa Uingereza uliotoka 2020, na mimi naona unasomwa nusu nusu.

Walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi yake, mwaka mzima kuna mwezi wanakunywa atorvastatini, aina moja ya statini, kuna mwezi vidonge visivyo na dawa ndani, kuna mwezi hawanywi kitu, na kila siku mtu anajipa alama jinsi maudhi yanavyomsumbua, 0 hakuna kabisa, 100 mabaya kupita yote. Bila kidonge wastani ulikuwa 8, kidonge bandia 15.4, statini 16.3. Haya, 15.4 na 16.3 zinakaribiana sana, sipingi, sehemu kubwa ni mwili kusubiri kuumia. Ila mbona hiyo 8 haitajwi? Kutoka 8 mpaka 15 ni karibu mara mbili, yaani mtu alikuwa anaumia kweli, chanzo tu ndio sicho alichodhani! Na walipoonyeshwa alama zao wenyewe, miezi 6 baadaye 30 walikuwa wamerudia statini. Walionyeshwa, hawakukaripiwa.

Halafu walipima atorvastatini ya miligramu 20 peke yake. Haikujibu chochote kuhusu mzee anayekunywa statini nyingine, simvastatini ya miligramu 40, pamoja na amlodipini ya presha, na amlodipini inapandisha simvastatini kwenye damu, ndio maana tangu 2011 Marekani wameweka mwisho wa simvastatini miligramu 20 kwa anayezitumia pamoja. Huyo akihamishiwa rosuvastatini au pravastatini kadekezwa nini?

Daktari anayesita nae namuelewa. Kila ukibadilisha unaweza kuwa unampa mgonjwa ushahidi kwamba dawa zote ni sumu, kesho anahamia kitunguu saumu na ndimu, na kolestro yenyewe haiumi mpaka siku ya stroku. Lakini asiyesikilizwa anaacha pia, tena kimya kimya, kila mwezi anachukua vidonge anavirundika kabatini na daktari anashangaa kolestro haishuki.

Mkojo ukiwa rangi ya chai nyeusi na misuli inauma, hapo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu mengine yanapimika, dawa isimamishwe wiki chache daktari akijua, damu ipimwe kuona kama misuli imeumia, kisha ianzwe kwa dozi ndogo au ije nyingine.