Maktaba ipo, lakini "haikupatikana"

Jana usiku hapa Bukavu umeme ulirudi saa tatu, nikaikimbilia kompyuta kabla haujakatika tena. Nilikuwa nakompaili programu moja ya Linux, yaani kuugeuza msimbo wake uwe programu inayowaka. Dakika ishirini feni inavuma, halafu mwishoni kabisa mstari mmoja: -lz haikupatikana. Hiyo -lz ni zlib, maktaba ya kubana data, yaani msimbo tayari ambao programu nyingine huuazima.

Haikupatikana vipi? Naiona kwa macho yangu, libz.so.1, imelala chini ya /usr/lib! Programu nyingine zinaitumia kila siku. Kumbe kiunganishi, kile kinachoiunga programu na maktaba zake, kinatafuta libz.so tupu, isiyo na namba, na faili hiyo huletwa na pakiti ya pili, ya wasanidi. Sasa nani angekisia kwamba kwenye Debian, toleo moja la Linux, pakiti hiyo inaitwa zlib1g-dev? Hiyo "1g" katikati mtu ataitoa wapi? Ukihamia Fedora, toleo jingine, unaiomba kwa jina la zlib-devel.

Kinachoniuma ni mega za intaneti. Huku tunazinunua kidogo kidogo, na zinaishia kwenye kutafuta jina la pakiti. Unaweka moja, inadaiwa nyingine.

Na ukiikompaili maktaba mwenyewe ikaingia /usr/local/lib, mara nyingi programu inakataa kuwaka mpaka uandike sudo ldconfig, inayosasisha orodha ya maktaba za mfumo. Amri moja! Kwa nini ujumbe wa kosa usiitaje?

Jamani, anayeandika programu anajua inahitaji nini. Aorodheshe pakiti zote kwenye faili ya maelezo, na configure, ile skripti inayotangulia kukompaili, izikague mwanzoni, betri yangu ikiwa bado imejaa.