Ubongo wa marehemu bado una la kutuambia

Nimesoma makala inayosema ubongo wa marehemu hupigwa picha za MRI (mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili) kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, kufuata nyuzi za neva. Kweli, mtu hai hawezi kutulia hivyo. Mashine hupima maji yanavyosogea kufuata nyuzi, na formalini, dawa ya kuhifadhia ubongo usioze, huyapunguzia mwendo, kwa hiyo subira lazima.

Mimi ni wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Mpwa wangu, posho (ugali) ikiwekwa tu mbele yake, kichwa kilianza kuinama na tonge likamdondoka mkononi. Huo ugonjwa wa kutikisa kichwa umetutesa sana huku kaskazini! Uchunguzi wa ubongo wa vijana waliofariki ulikuta tau, protini ya ndani ya seli za neva, imejikusanya. Jamani, nyuzi zao nazo zichorwe, wazazi wakiridhia, na majibu yaletwe kwetu kijijini.