Paul Robeson alikosea kuacha mpira akaenda kuigiza?

Kuna dogo hapa Mwanza mchana anabeba magunia ya dagaa soko la Mwaloni, jioni yuko uwanja wa Nyamagana anacheza winga, basketi anacheza, na sa hivi kaanza kuigiza vichekesho vya simu, basi kijiweni wamegawanyika, hawa wanamwambia mshika mbili moja humponyoka, wale wanasema mpira wa mchangani haumlipi hata nauli, aende zake kwenye kamera. Mi nikamkumbuka Paul Robeson.

Mmarekani mweusi huyu aliingia chuo cha Rutgers 1915 akacheza michezo minne bila kulipwa: ule mpira wao wa kubeba mikononi, besiboli, basketi na riadha. Mazoezi ya mwanzo tu wenzake wakamvunja pua, mmoja akamkanyaga mkono kwa njumu mpaka kucha zikang'oka (alisimulia mwenyewe), ila 1917 na 1918 akaitwa kikosi bora cha Marekani nzima cha mpira huo wa mikononi. Baadaye akasoma sheria, akaishia jukwaani, na tamthilia ya Othello aliyoigiza Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, kuanzia 1943 ilichezwa mara 296.

Wanaosema bora angebaki mchezoni wana hoja. Uwanjani ukifunga umefunga, hakuna mhariri wa kuja kukukatakata baadaye kama kwenye filamu. Kwenye filamu ya Sanders of the River, 1935, Robeson alijua inawaheshimu Waafrika, kuja kutoka kumbe inamsifia mkoloni Mwingereza na yeye ndo chifu mtiifu. Na Jomo Kenyatta yumo humo, kwenye kundi la waigizaji wa nyuma!

Ila tusizidishe, maana 1916 Rutgers hao hao walimweka nje kisa wapinzani wao, chuo cha Washington and Lee, waligoma kucheza na mweusi, kwahiyo hata uwanjani kuna mtu anapanga nani aingie. Halafu sanaa ndo ilimfikisha London akajifunza na Kiswahili, na 1950 serikali yake ikamnyang'anya pasipoti kwa sababu ya anachosema, sasa winga gani anaogopwa hivyo?

Kwahiyo mi niko upande wa kamera, lakini kwa masharti. Robeson akishang'atwa mara moja, kwenye Song of Freedom ya 1936 alidai kwenye mkataba kwamba filamu haitoki mpaka yeye akubali ilivyohaririwa. Dogo wetu anarekodiwa na mwenye simu, anayeposti ni mwenye simu, hela ya matangazo anakula mwenye simu, na hapo kijiweni hakuna hata mmoja aliyegusia hilo.