Maji ya ziwa yakichafuka, tuamini kamati au twende mahakamani?

Machi 2022 maji ya Mto Mara, unaoingia Ziwa Victoria, yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa, na watu wa bondeni wakaambiwa wasiyatumie. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ikarudi na jibu kwamba kinyesi na mkojo wa ng'ombe uliolundikana bondeni kwa miaka mingi, pamoja na mimea iliyooza, ndivyo vilivyomaliza oksijeni majini. Wengi hawakulikubali jibu hilo. Mto Tigithe, unaopita jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, humwaga maji yake Mto Mara, na miaka mitatu tu nyuma, Mei 2019, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilikuwa imeupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvujisha bwawa la topesumu. Basi maneno yakawa mengi, kuanzia redioni hadi vijiweni huku kwetu Mwanza. Baada ya muda yakazimika, na kila mtu akabaki na imani aliyoanza nayo.

Sisemi kamati ilikosea. Maji ya mto yanaweza kweli kuishiwa oksijeni, na samaki wakafa bila tone la sumu ya kiwandani. Kinachoniuma ni kwamba hakuna mwananchi aliyepata nafasi ya kuihoji. Mahakamani mtaalamu angesimama kizimbani chini ya kiapo na kuulizwa: sampuli ulichukua wapi, siku ya ngapi tangu samaki waanze kufa, nani aliitunza njiani, ni vipimo gani hukuvifanya na kwa nini? Upande wa pili nao ungeleta mtaalamu wake, naye akabanwa vilevile. Kama baada ya maswali hayo kinyesi kingebaki kuwa ndiyo sababu, mvuvi wa Kirumi, kando ya Mto Mara, angekuwa na msingi wa kuamini, na mgodi ungekuwa umesafishwa jina mbele ya watu. Kwangu mimi, faida kubwa ya kupeleka madai ya mazingira mahakamani iko hapo, hata kabla ya kufika kwenye fidia.

Sheria ya kutuwezesha ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu chake cha 5 kinamruhusu kufungua shauri dhidi ya yeyote ambaye kitendo chake, au kutotenda kwake, kunatishia mazingira. Kanuni ya mchafuzi kulipa imo humo humo. Swali ni kama kuitumia kunamsaidia mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na hapa majibu yanagongana.

Anayetetea kesi huanzia Tabata, Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa huko waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga na kuchoma taka katikati ya makazi yao, wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga, hadi Jaji Kahwa Lugakingira akalikatalia, akishangaa mamlaka ya umma kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alilifungamanisha suala hilo na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Wanasheria wa mazingira nchini wanaitaja kesi hiyo hadi leo, na wana haki, kwa sababu ilikubali kwamba moshi wa jaa unaweza kumpokonya mtu uhai wake kisheria, hata kama hakuna aliyemshika shingo.

Lakini taka zilikwenda wapi? Zilihamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao wakafungua shauri lao mwaka 1991, nao wakashinda. Jaa likahamia Vingunguti. Kila ushindi ulikuwa wa haki kwa walioshinda, na kila ushindi ulimtafutia mzigo mtu mwingine ambaye hakuwa na wakili siku ile. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu Mwanza tunaweza kulirudia vizuri sana. Kiwanda kikizuiwa kumwaga majitaka upande wa Igogo, maji yale hayatatoweka kwa amri ya jaji. Yatatafuta mfereji mwingine, pengine ule unaoingia Mto Mirongo, na kutoka huko ziwani. Hukumu inayosema tu "acheni" bila kusema taka zitasafishwa wapi, na nani atasimamia, imefanya nusu ya kazi.

Mfano wa Kenya unatia moyo, na unachosha pia. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na risasi, yaani madini yenye sumu ya kwenye betri, kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichokuwa ukutani kwao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitikisa hukumu ile mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Jambo zito zaidi ni kwamba taasisi za serikali zilizotoa vibali na kufumba macho ziliwajibishwa pamoja na mwenye kiwanda. Ila mtoto aliyekuwa na risasi kwenye damu wakati kiwanda kinafungwa alikuwa ameshamaliza shule ya msingi, pengine na kuanza sekondari, siku hukumu ya mwisho inasomwa.

Sasa niusikilize upande wa pili kwa haki, maana hapa Mwanza haumtetei mwenye kiwanda peke yake. Ajira za viwanda vya minofu ya sangara ni za watu tunaowajua. Amri ya kusimamisha uzalishaji ikitoka Jumatatu, kibarua wa kukata minofu anarudishwa nyumbani Jumatatu hiyo hiyo, na mama anayenunua mapanki, mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, kiwandani kwenda kuyakaanga na kuyauza mtaani anakosa mzigo kesho yake. Mwenye hisa anaweza kungoja miaka minne ya rufaa. Mama wa mapanki hana siku nne. Anayesema kesi zinaumiza wanyonge hasemi uongo, na wanaharakati wengi hulipita jambo hili haraka mno. Jibu langu ni kwamba mahakama ina njia nyingi kabla ya kufunga geti: inaweza kuamuru mtambo wa kusafisha majitaka ujengwe ndani ya muda uliotajwa, ripoti za vipimo ziwasilishwe kwake kila mwezi, na kiwanda kiendelee kufanya kazi wakati huo. Wakili anayeomba kufungwa kabisa kama ombi lake la kwanza anapaswa kuwaeleza vibarua sababu, ana kwa ana.

Hoja yao ya pili ni nzito kuliko ya ajira: nani hasa unamshtaki? Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 na linagusa nchi tatu. Ukijani unaoliganda unalishwa na fosforasi na naitrojeni kutoka mashambani, viwandani, kwenye mvua na vumbi, na kwenye vyoo vyetu wenyewe vya milimani, kule kwenye mawe ambako gari la kunyonya majitaka halipandi. Tazama wafugaji wa samaki kwenye vizimba ziwani. Sato anaweza kufa kizimba kizima usiku mmoja kwa sababu upepo umepindua maji na kuleta juu yale ya chini yasiyo na oksijeni. Mfugaji ana mkopo, ana samaki waliogeuka matumbo juu, na jirani yake ana kiwanda. Hasira yake inaelewa pa kwenda, lakini ushahidi huenda usifike huko. Kesi ya namna hiyo ikipelekwa ovyo ikaanguka, kampuni inatoka na hukumu mkononi inayoonekana kama cheti cha usafi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema basi tuachie mamlaka. Mamlaka zikiachiwa peke yake, kwa uzoefu wa huku, mkono wao huwa mwepesi kwa wadogo. Katazo la shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lililo kwenye kifungu cha 57 cha sheria ile ile ya 2004, mkulima wa mchicha na mwenye kibanda cha samaki wanalijua kwa kufukuzwa. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu nyingi mialoni, na ingawa baadhi ya viwanda navyo vilitozwa faini, aliyechomewa kokoro lake, wavu wa kukokota, alipoteza mtaji wote siku hiyo. Uvuvi haramu unaliua ziwa na sitautetea. Ninachosema ni kwamba mtu wa mwaloni ameijua sheria ya mazingira kama kitu kinachomjia, na kumpa wakili ni kumpa nafasi ya kuielekeza sheria hiyo juu pia.

Njia ya kwenda juu, hata hivyo, imejaa vizingiti. Ukitaka kuishtaki serikali unatoa notisi ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 halmashauri nazo zimeingizwa kwenye utaratibu huo na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Marekebisho ya mwaka huo huo yalimtaka anayedai haki za kikatiba aape jinsi yeye binafsi alivyoathirika, kwa hiyo shirika lililotetea ziwa kwa niaba ya wote lilipewa kazi ya ziada mlangoni. Ukienda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, una miezi miwili tu tangu uamuzi ufanyike au tangu uujue. Mahakama hiyo ina meno: Juni 2014 iliizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, ingawa kwa watu waliokuwa wakiingojea barabara hiyo uamuzi haukuwa na utamu wowote. Lakini shauri la bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, la kilomita 1,443, linalopita Kagera na Geita magharibi mwa ziwa letu, lilifunguliwa Novemba 2020 na kutupwa Novemba 2023 kwa sababu ya muda. Majaji walisema wadai walipaswa kufika tangu mwaka 2017, wakati mikataba inasainiwa. Hoja zenyewe za mazingira hazikusikilizwa. Miaka mitatu ya kungoja, kisha unaambiwa ulichelewa.

Wengine wametafuta mlango nje. Madai ya kuuawa na kujeruhiwa kwa watu eneo la North Mara yalifika London na kumalizwa nje ya mahakama mwaka 2015, bila kampuni kukubali kosa. Mengine yalifunguliwa Ontario, Kanada, mwaka 2022, na Novemba 2024 mahakama ya huko ikakataa kuyasikiliza, ikiona Tanzania ndiyo mahali pake. Mashauri hayo hayakuwa ya maji, lakini yanatuhusu. Suluhu ya nje ya mahakama humpa mjane fedha, na hakuna wa kumlaumu kwa kuipokea, ila inaufunga mdomo ule ushahidi ninaoutaka. Na Kanada wakisema nendeni kwenu, basi lazima kwenu pawe tayari.

Kuwa tayari kunaanzia kwenye chupa. Tatizo kubwa la kesi za maji ni kwamba ushahidi unatembea. Oksijeni hupimwa palepale ziwani. Ukiyabeba maji hadi kesho, kipimo kimeshabadilika. Sianidi hupotea haraka kwenye jua na hewa isipohifadhiwa kwa dawa maalumu tangu inapochotwa. Zebaki ndiyo hukaa, kwenye tope na kwenye nyama ya samaki, kwa hiyo anayeishuku asichote maji tu, achukue na tope. Mvuvi akishachota kwa chupa ya soda na kuiweka uvunguni wiki mbili, wakili wa kampuni atahitaji swali moja tu kuitupa nje. Zinahitajika chupa safi mbili zilizojazwa pamoja, moja ibaki kwa ajili ya upande wa pili, lebo yenye saa na mahali, lakiri, saini ya mtendaji wa mtaa na ya kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), barafu, na safari ya siku hiyo hiyo hadi ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa, ambayo iko hapa hapa Mwanza.

Mashirika ya kisheria yanayofika Kanda ya Ziwa yakitaka ushauri wangu, fedha za mkutano mmoja na waandishi wa habari ziende kwenye kipimo cha oksijeni na mafunzo ya BMU kwenye mialo michache iliyo jirani na viwanda na mito inayotoka migodini. Vipimo vichukuliwe hata wakati maji ni masafi, maana bila kujua hali ya kawaida hakuna atakayethibitisha kwamba kuna kilichobadilika. Mwenye kiwanda safi naye atafaidika navyo siku akisingiziwa.

Na kuna hatua isiyohitaji kungoja samaki wafe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa BMU yoyote ya Ilemela au Nyamagana inaweza kuomba vitu vitatu: kibali cha kiwanda jirani cha kumwaga majitaka, masharti yaliyowekwa kwenye cheti chake cha tathmini ya athari kwa mazingira, na matokeo ya ukaguzi wa mwisho. Majibu yakija, wanakijiji na wakili wao watajua cha kulinganisha na vipimo vyao. Yasipokuja, tarehe iliyopigwa muhuri kwenye nakala ya barua ni kielelezo cha kwanza cha jalada.