Kabla hujaweka dole gumba: majaribio ya chanjo yanayokuja na maswali ya bibi

Mdogo wangu wa kike kanipigia simu jioni moja, yuko kijijini huko mkoa wa Pwani, ana mtoto wa miezi saba, akaniambia kaka kuna watu wa utafiti wamekuja wakafanya mkutano pale ofisi ya kijiji, wanasema kuna majaribio ya chanjo mpya ya malaria yanakuja, chuo kikuu cha nje kinashirikiana na watafiti wa hapa nchini, na wanatafuta watoto. Yeye anataka kumuandikisha mwanae ila bibi kagoma kabisa. Neno la bibi lilikuwa moja tu, mumiani.

Kwa ambao hawakukulia pwani, mumiani ni wale watu ambao wazee wetu walisimuliwa kwamba wanakamata watu usiku wanawatoa damu ikatengenezewe dawa. Sasa mtu anapokuja na gari jeupe, sindano na kiboksi cha barafu cha kubebea damu, bibi hahitaji kuelezwa zaidi. Na mimi simuoni bibi kuwa ni mjinga, kuna mambo yametokea kwenye bara hili yanayompa haki ya kuogopa, ntayasema huko mbele. Ila na mdogo wangu nae ana hoja, maana mtoto wake wa kwanza alishawahi kupata degedege saa nane usiku, bodaboda hakuna, zahanati imefungwa, na mtu aliyepitia usiku kama ule ukimwambia kuna chanjo itakuja hawezi kukaa kimya.

Nikaenda. Tukakaa mkekani watatu tukaisoma ile fomu ya ridhaa mstari kwa mstari.

Kitu cha kwanza kilichomshtua bibi ni damu. Fomu inasema kila hudhurio mtoto atatolewa damu "kiasi cha kijiko kimoja cha chai". Bibi akainuka akaleta kijiko, akakiweka kwenye kiganja, akakiangalia muda mrefu. Kijiko cha chai ni kama mililita 5 hivi, mtoto mwenye kilo nane ana damu zaidi ya nusu lita mwilini, kwa hiyo hiyo haimdhuru, lakini swali aliloliuliza bibi lilikuwa lingine, aliuliza inaenda wapi. Na hilo ni swali la maana sana, kwasababu fomu nyingi zina kipengele cha kuhifadhi sampuli kwa tafiti za baadae au kuzisafirisha maabara ya nje, na mzazi ana haki ya kukubali utafiti na kukataa hicho kipengele. Watu wengi wanasaini bila kujua hayo ni maamuzi mawili tofauti.

Kitu cha pili ni neno "dawa bandia". Jamani watafsiri wa hizi fomu naomba mtusikie. Kwetu dawa bandia ni ile ya magendo, ile ambayo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanaikamata na kuichoma moto. Mnaposema kundi moja la watoto litapewa dawa bandia mzazi anaelewa mwanae atapewa sumu au atatapeliwa. Kinachomaanishwa ni plasebo, kitu kisicho na dawa wala madhara, kinachotolewa ili kulinganisha. Na kwenye chanjo za watoto mara nyingi hata hiyo plasebo hawaitumii, wanawapa kundi la pili chanjo nyingine ya kweli ili nao wasitoke mikono mitupu. Kwenye majaribio makubwa ya R21, ile chanjo ya malaria ya chuo kikuu cha Oxford, watoto wa kundi la pili walichanjwa kichaa cha mbwa. Kwa mtoto wa kijijini hiyo ni faida.

Kwanini kuwe na kundi la pili? Hapa ndo pagumu kumuelewesha mtu na ndo moyo wa jambo lenyewe. Malaria inapanda na kushuka, mwaka wa mvua nyingi inajaa, mwaka wa kiangazi inapungua, kijiji kikigawiwa vyandarua vipya inashuka tena. Ukichanja watoto wote alafu mwakani malaria ikapungua, utajuaje ni chanjo au ni ukame? Kwa hiyo watoto wanagawanywa kwa bahati nasibu, sio daktari anayechagua wala mwenyekiti wa kijiji, na mzazi hajui mwanae yuko kundi gani na wale wanaompima nao hawajui, mpaka mwisho. Mpangilio huo sio wa kuficha uovu, umewekwa ili hata mtafiti mwenyewe anayeipenda chanjo yake asiweze kujidanganya.

Mfano mzuri uko hapa hapa Tanzania. Miaka ya tisini mwanzoni kulikuwa na chanjo ya malaria inaitwa SPf66, imetengenezwa na Manuel Patarroyo wa Colombia, dunia nzima ilikuwa inaisubiri. Ikajaribiwa kwa watoto wa Idete, Kilombero, na majibu ya mwaka 1994 yakaonesha inapunguza malaria kwa asilimia 31. Watu wakafurahi. Ikapelekwa Gambia, haikuonesha kinga ya maana, ikapelekwa Thailand, haikusaidia, ikaachwa. Fikiria kama baada ya Idete wangeamua kuigawa nchi nzima, mama angemchanja mtoto, akalegeza chandarua akijua kakingwa, na mtoto angekufa. Kwa hiyo majaribio hayapo kwa ajili ya kupitisha dawa tu, kazi yake nyingine kubwa ni kuzikataa zisizofaa.

Na chanjo zilizofika mwisho zimepitia mikononi mwa watoto wetu. RTS,S, chanjo nyingine ya malaria, ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, Kilifi na Siaya pia, na WHO, shirika la afya duniani, wakaipitisha Oktoba 2021. R21 ikafuata, watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, kwetu ni Bagamoyo tena na kwa Kenya ni Kilifi. Sehemu zenye malaria ya msimu, kwa mwaka mmoja baada ya dozi tatu, ilizuia kama asilimia 75, na sehemu zenye malaria mwaka mzima kama huku kwetu ikawa 68. Madhara yaliyoonekana sana ni homa na maumivu pale sindano ilipoingia. Ona hiyo tofauti ya 75 na 68, hakuna mtu angeipata akiwa amekaa Oxford, maana huko malaria haipo. Mwaka 2023 peke yake WHO wanakadiria malaria imeua watu 597,000, karibu wote ni wa Afrika na wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Ugonjwa ukiwa wa kwetu hivo, kusema majaribio wakafanyie kwao ni sawa na kusema dawa isipatikane.

Sasa nije upande wa bibi, na huku sitaki kupita haraka.

Mwaka 1996 Kano, Nigeria, kukiwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto, kwenye utafiti wenye watoto kama 200. Watoto 11 walikufa, wengine wakabaki na ulemavu. Pfizer walikana, wakasema kilichoua ni ugonjwa wenyewe, ila wazazi walisema hawakuambiwa kwamba ile ni dawa ya majaribio, walidhani ni matibabu ya kawaida. Kesi ikaenda miaka mpaka 2009 ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano. Mzazi ana mtoto anaungua homa, wodi imejaa, mtu mwenye koti jeupe anamkabidhi dawa, huyo unamuulizaje ridhaa? Hata kama angesomewa fomu asingeweza kukataa. Ndo maana nasema ridhaa inayotolewa mkutanoni mtoto akiwa mzima ana siku kadhaa za kufikiria ni kitu kimoja, na ridhaa ya wodini ni kitu kingine kabisa.

Alafu kuna Majengo, Nairobi. Wanawake waliokuwa wanafanya biashara ya ngono eneo la Pumwani walichunguzwa kuanzia miaka ya themanini na vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba, wachache wao ikaonekana wanakutana na VVU kila siku na hawaambukizwi. Kutokana na elimu iliyopatikana kwenye miili yao ikatengenezwa chanjo ya majaribio kwa kushirikiana na Oxford, na mwaka 2000 ukazuka ugomvi mkubwa kwasababu watafiti wa Nairobi waligundua hawamo kwenye hataza, yaani hati ya umiliki, ya ile chanjo. Kama profesa wa Nairobi aliachwa nje, yule mama wa Majengo aliyetoa damu alikuwa na nafasi gani?

Na sio historia ya zamani tu. Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja kutoka Ufaransa walikaa kwenye televisheni wakajadili kujaribu BCG, chanjo ya kifua kikuu, dhidi ya korona Afrika, sehemu ambayo mmoja alisema haina barakoa wala matibabu. Mkuu wa WHO, Tedros, aliita huo ni ubaguzi. Maneno yale yalifika mpaka vijijini, na chuo chochote kitakachokuja leo na sindano kinalipa deni la yale maneno hata kama hakihusiki.

Wapo wanaosema siku hizi mambo yamebadilika, na ni kweli kiasi kikubwa. Tanzania utafiti kama huu lazima upite kamati ya maadili ya taifa iliyoko NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na TMDA nao waukubali, na kunakuwa na jopo huru la wataalamu linaloangalia takwimu katikati ya safari, lenye uwezo wa kushauri usimame. Jopo hilo linafanya kazi kweli. Utafiti wa chanjo ya VVU ulioitwa PrEPVacc, watu 1,512 wa Afrika Kusini, Tanzania na Uganda, Dar es Salaam na Mbeya zikiwemo, walisitisha kuchanja Novemba 2023 baada ya wataalamu huru kuona chanjo haitafanya kazi. Mwaka uliofuata majibu yakaonesha waliochanjwa walipata maambukizi zaidi kuliko wa plasebo. Hilo linauma, na watafiti walilitangaza hadharani badala ya kulifukia. We ukilitazama unaweza kusema bibi alikuwa sahihi, au ukasema mfumo umefanya kazi yake. Mimi nasema yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, anayeingia kwenye majaribio anabeba hatari ya kweli kwa ajili ya wengine, na ndo maana lazima aheshimiwe kama mtu anayetoa, asichukuliwe kama mtu anayefadhiliwa.

Hapo inaingia ishu ya pesa. Kamati za maadili zinaogopa washiriki wakilipwa sana watashawishika, kwa hiyo wanapewa nauli na fidia ya muda tu. Naelewa hofu hiyo. Ila mama anayeacha kibanda chake cha maandazi siku nzima akapewa nauli peke yake, yeye ndo anaufadhili utafiti. Nauli, kazi iliyopotea, chakula cha siku, hivyo sio rushwa, na matibabu ya madhara yakitokea yawe ya bure mpaka apone, iandikwe kwenye fomu kwa Kiswahili ambacho bibi anakielewa.

Kinachonisumbua zaidi ya vyote ni siku ya mwisho. Kilifi walitoa watoto wao kwenye RTS,S, lakini Kenya ilipoanza kuitoa chanjo hiyo Septemba 2019 ilianzia kaunti za magharibi karibu na ziwa. Sababu ya kitaalamu ipo na ni nzuri, malaria ni kali zaidi kule, lakini nani alikwenda kumuelezea mama wa Kilifi? Azimio la Helsinki, ambalo ndo katiba ya tafiti za binadamu tangu 1964, linataka mambo ya baada ya utafiti yapangwe kabla haujaanza. Alafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha fedha za USAID, tafiti kadhaa Afrika zikaamriwa zisimame katikati, Afrika Kusini kukiwa na wanawake ambao tayari wana pete za ukeni za majaribio za kuzuia VVU mwilini. Kwa hiyo chuo kikija na mfadhili mmoja wa mbali, swali la nani atawahudumia watoto hela ikikatika sio la kukosa adabu.

Mdogo wangu anaelekea kukubali na mimi sijamzuia, nikiwa na mtoto umri ule na majibu ya kueleweka ningekubali pia. Kwenye mkutano wa pili bibi alikuja, kavaa kanga zake nzuri, akakaa mbele. Alinyoosha mkono akasema, "Mwanangu, mimi sina neno na sindano. Nataka kujua, ikifaa, mjukuu wangu atakayezaliwa baada ya huyu ataipata pale zahanati, au tutaisikia redioni?" Yule kijana wa utafiti hakubabaisha, alisema hana jibu, akaliandika kwenye daftari lake, akaahidi wataleta jibu la maandishi kabla ya kuanza kuandikisha. Fomu iko kabatini kwa bibi, chini ya kadi ya kliniki, bado haina dole gumba.