Saa au Pumzi: Mwendo wa Kukimbia kwa Anayeanza Trayathloni Tanga

Anayekimbia alfajiri kutoka Bombo kuelekea Raskazone, akiwa na nia ya kushiriki kwa mara ya kwanza trayathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, hukutana na mashauri mawili yasiyopatana. La kwanza humtaka apime: akimbie kilomita 5 kwa nguvu zake zote, aandike muda alioupata, kisha afungue jedwali, kama lile la kocha wa Marekani Jack Daniels, limwonyeshe mazoezi mepesi ayakimbie kwa dakika ngapi kwa kilomita na mazito kwa ngapi. La pili humwambia aiache saa nyumbani na kuifuata pumzi: akiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni mwepesi, akiambulia maneno mawili matatu, mwendo ni mzito. Nimeyafuata yote mawili kwa nyakati tofauti, na kila moja lina kasoro ambayo watetezi wake hawapendi kuitaja.

Nguvu ya jedwali ni kwamba linamtibu anayeanza ugonjwa wake mkubwa, nao ni kukimbia kila siku kwa mwendo uleule wa kati, ambao ni mzito mno kuitwa mapumziko na mwepesi mno kuitwa kazi. Aliyemaliza kilomita 5 kwa dakika 30, yaani dakika 6 kwa kila kilomita, huambiwa kuwa siku zake nyepesi zisogee kwenye dakika 7 na nusu hivi, pengine hata 8. Wengi hawaamini. Katika mji huu ambao kila mtu ana baiskeli, mwendo huo unamaanisha kupitwa na wanafunzi, wauza samaki na wazee wanaokwenda sokoni, na inahitaji moyo kuuvumilia. Bila namba mbele ya macho, aibu hiyo peke yake inatosha kumharakisha mtu.

Lakini jedwali limejengwa juu ya masharti ambayo Tanga haiyatimizi kwa muda mrefu wa mwaka. Mwili unaokimbia hupoa kwa jasho kukauka juu ya ngozi, na palipo na unyevu mwingi hewani jasho hutiririka tu bila kukauka, kwa hiyo moyo unalazimika kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi huku misuli nayo ikiidai sehemu yake. Matokeo yake ni mapigo ya moyo yanayopanda polepole ilhali mwendo haujabadilika, na kilomita ya sita inagharimu kuliko ya pili ingawa saa inaonyesha dakika zilezile. Aliyejipima Julai, kusi ikivuma na alfajiri ikiwa na ubaridi kidogo, hupata namba ambayo Februari, katika joto la kaskazi, inageuka kuwa adhabu. Mwili huzoea joto kwa wiki mbili hivi za mazoezi, hilo ni kweli, ila kuzoea joto hakulifuti.

Sharti jingine ni miguu iliyopumzika. Jedwali la wakimbiaji limeandikwa kwa ajili ya mtu anayekimbia tu, wakati anayejiandaa kwa trayathloni ameamka na mapaja yaliyopanda baiskeli jana hadi Muheza na mabega yaliyopambana na mkondo wa maji. Namba ya Jumatano haiwezi kuwa ileile iwapo Jumanne ilikuwa na kilomita 40 za baiskeli au haikuwa na kitu.

Hoja hizi ndizo huwafanya watetezi wa pumzi wajione wameshinda, kwa kuwa pumzi inajumlisha joto, uchovu na usingizi mbovu bila hesabu yoyote. Ni hoja nzuri, na kama mtu angekuwa mkimbiaji mtupu aliyeanzia chini kabisa ningeikubali karibu yote. Kwa mwanatrayathloni ina tundu kubwa. Wengi wanaoingia katika mchezo huu hapa wametoka kwenye baiskeli au kwenye maji, na wamekwisha kujenga moyo na mapafu kwa miaka, ilhali mifupa ya muundi na kano za kisigino hazijawahi kubeba kishindo cha kukimbia. Mtu wa namna hiyo anaweza kupiga soga kwa dakika 5 na nusu kwa kilomita, pumzi ikimwambia ni kazi nyepesi, huku mguu ukikusanya deni litakalodaiwa wiki ya nne. Mapafu huimarika kwa wiki, kano kwa miezi, na pumzi haina habari za kano. Kwake yeye namba ya jedwali ni breki, hata kama mwenyewe hahisi haja ya kuwa nayo.

Pumzi hudanganya pia mahali pengine, nako ni pale mtu anaposhuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia. Macho yaliyozoea kasi ya baiskeli huona kukimbia kama kutambaa, miguu haijui inakwenda kwa kasi gani, na wengi hutoka mbio kuliko wanavyoweza kuhimili. Si makosa ya wageni pekee. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo, alijitenga mbele vilevile katika mbio za viunzi na maji za mita 3000 Moscow mwaka 1980, akapitwa mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland. Bayi alirudi na medali ya fedha; anayeanza hurudi akitembea.

Wapo wanaotaka kumaliza ubishi kwa mapigo ya moyo. Hesabu inayojulikana ya 220 ukitoa umri inampa mwenye miaka 30 kilele cha mapigo 190, lakini watu wa umri huo hupishana kwa mapigo kumi na zaidi juu au chini, na kwenye baiskeli kilele huwa chini kuliko katika kukimbia. Saa za mkononi nazo mara nyingine huhesabu hatua zikidhani ni mapigo. Kipimo hiki kinafaa kama shahidi wa tatu, si zaidi.

Ningemshauri anayelenga trayathloni fupi, ile ya mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia, asichague upande mmoja kwa siku zote. Siku nyepesi awe na namba na pumzi pamoja, na atii ile inayomtaka apunguze. Zoezi zito la wiki, moja linatosha, alikimbie kwa pumzi na kwa muda, mathalani dakika 4 mara nne, kisha atazame mwendo baada ya kumaliza, kwa sababu kuifukuza namba ya Julai katika jua la Februari hakumjengi. Akishuka kwenye baiskeli, kilomita ya kwanza aikabidhi saa, na baada ya hapo airudie pumzi.

Kujipima kurudiwe kila baada ya wiki sita hivi, saa ileile, njia ileile. Isipokuwa Ramadhani: kwa anayefunga, namba ya jioni kabla ya futari haimwelezi chochote kuhusu uwezo wake, na ile ya usiku baada ya tarawehe haifanani na ya alfajiri, hivyo jedwali likae kabatini hadi Shawali.