Redio ya vali au ya transista: ipi inafaa zaidi kwa AM?

Wapenzi wa redio za zamani hawachoki kusema kwamba AM, matangazo ya redio yanayosikika hasa kwenye masafa ya kati, ni ya kusikilizwa kwenye vali, yaani zile mirija za kioo zinazopashwa moto ili kukuza mawimbi, na kwamba transista, kipande kidogo kilichochukua nafasi yake, ndiyo iliyoua sauti. Wanaowapinga hujibu kuwa redio ya vali ni pambo la sebuleni linalokula umeme. Naona kila upande una haki yake, ila sifa na lawama nyingi zinaangukia kifaa kisichohusika.

Chukua sauti. Weka redio ya mbao ya miaka ya 1950 kando ya transista ya mkononi, zote kwenye stesheni moja yenye nguvu, na sikio litaichagua ya mbao bila kusita. Lakini angalia spika zake: moja ni pana, imo ndani ya kasha kubwa la mbao, nyingine inaenea kiganjani na imebanwa kwenye plastiki. Halafu kuna uchujaji. Redio za aina zote mbili huhamishia stesheni kwenye masafa maalumu ya ndani, mara nyingi kilohezi 455 au karibu na hapo, na hapo ndipo stesheni jirani zinapozuiwa. Koili (nyaya zilizoviringwa) za redio ya vali huzuia polepole, hivyo sauti kali za juu hupita kwa kiasi. Transista nyingi za bei nafuu zina kichujio cha kauri kinachokata ghafla, na mtangazaji anasikika kama kafunikwa blanketi. General Electric ya Marekani ilipotengeneza Superradio haikutia vali hata moja. Iliweka spika kubwa na uchujaji mpana, na hadi leo wasikilizaji wanaisifu kwa sauti yake ya AM. Kwa hiyo utamu tunaoupa vali, kwa sehemu kubwa, ni wa spika na kichujio.

Sifa ambayo ni ya vali kweli haizungumzwi sana: kustahimili mawimbi makali. Transista za mwanzo zilizidiwa upesi. Ukiziunganisha na antena ya waya mrefu, stesheni kubwa huibuka mahali pasipo pake na kuifunika nyingine. Vali za redio zilibuniwa makusudi ili ukuzaji wake ushuke taratibu kadiri mawimbi yanavyozidi, kwa hiyo hutulia pale transista inapochanganyikiwa. Tena mshtuko wa umeme unaoletwa na radi ya mbali kupitia waya wa antena unaweza kuunguza transista ya kwanza inayopokea mawimbi ndani ya redio, wakati vali mara nyingi husalimika. Kwa mtu wa Bukoba au Kisumu, kando ya Ziwa Victoria ambalo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, hili si jambo dogo.

Radi hizo hizo, hata hivyo, zinaimaliza hoja nyingine ya mashabiki wa vali, kwamba vali ina mkoromo mdogo. Kwenye masafa ya kati kelele zinazotoka angani huwa kubwa kuliko zile zinazozaliwa ndani ya redio yoyote iliyo nzima.

Transista haikushinda Afrika kwa sababu ya sauti. Ilishinda kwa sababu ya betri. Mwaka 1949 Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ilipata redio ya vali iliyoitwa Saucepan Special, yenye umbo la sufuria, kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Iliuzwa pauni 5, na betri yake peke yake shilingi 25. Redio za vali za namna hiyo zilihitaji umeme wa aina mbili, volti chache za kupasha vali moto na takriban volti 90 za kuziendesha. Transista ilipofika na betri nne za dukani, mjadala ukaisha vijijini kabla haujaanza.

Leo betri hizo zina faida nyingine, na kwangu hii ndiyo inayoamua. Adui wa AM siku hizi ni balbu za LED, chaja na inveta za sola. Redio ya vali ya sebuleni imefungwa kwenye soketi, na waya ule ule wa umeme unaingiza kelele. Nyingi hata hazina transfoma ya kuzitenga na umeme huo, chasisi yake, yaani fremu ya chuma ya ndani, imeungana moja kwa moja na umeme wa nyumba. Ukigusa skrubu ya nyuma unaweza kujuta. Transista unaibeba hadi uani, unaizungusha mpaka ufito wake wa feraiti, ambao ndio antena yake ya ndani, uipe kelele kisogo, na stesheni inajitokeza. Stesheni za mbali zinapopanda na kushuka usiku na sauti kupasuka, baadhi ya transista zina dawa ambayo redio za vali za nyumbani hazikuwa nayo: kigunduzi, sehemu inayotoa sauti kwenye wimbi, kinachofuata wimbi lenyewe, kama ilivyokuwa kwenye Sony ICF-2010 ya mwaka 1985.

Kwenye ufundi nawaunga mkono wa vali. Kapasita za karatasi, vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, zikinyonya unyevu wa pwani, fundi anazibadilisha moja moja na redio inafufuka. Redio mpya ambayo kazi yake yote imo ndani ya chipu moja, ikifa hiyo chipu, imekwisha.

Ila redio ya vali inapendeza zaidi kwenye stesheni ya karibu yenye nguvu, na hizo zinapungua. BBC Radio 4 iliacha masafa ya kati Aprili 2024, na Deutschlandfunk ya Ujerumani ilishaondoka huko mwishoni mwa 2015. Kinachobaki kwa wengi wetu ni stesheni za mbali za usiku, zinazotafutwa katikati ya kelele, na kwa kazi hiyo nachukua transista.